UZI: Cheti kinakataliwa kwenye mfumo kwa sababu faili ni kubwa? Zana za bure za mtandaoni, na jinsi ya kuzitumia bila kuanika nyaraka zako

Fundi_Pikseli

Wakuu, habari za kazi.

Msimu wa maombi ukifika, iwe ni Ajira Portal, mikopo ya elimu ya juu ya HESLB au eCitizen kwa ndugu zetu wa Kenya, kilio ni kimoja: cheti kimekataliwa, faili ni kubwa. Na jibu linalotolewa kila kona ni lilelile: ingia Google, tafuta tovuti ya kupunguza PDF, tupia humo. Nafungua uzi huu kwa sababu jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, uzito hauko kwenye PDF, uko kwenye picha zilizomo ndani yake, na huko ndiko pa kuushughulikia. Pili, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na saini vinapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtu usiyemjua, wakati kazi hiyohiyo inaweza kufanyika ndani ya kifaa chako na kisitoke kitu.

Tuanze na hesabu. Ukiielewa, hutabahatisha tena.

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiiskani kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kiwango cha kuchapia, unapata pikseli, yaani nukta za picha, 2480 kwa 3508. Kwa DPI 150, ambayo inamtosha mtu anayesoma cheti kwenye kioo, ni pikseli 1240 kwa 1754, yaani milioni 2.2 hivi. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa 3000 kwa 4000, ambayo ni milioni 12. Unabeba mara tano na nusu ya kinachohitajika. Picha moja ya namna hiyo huwa na MB 3 au 4, kwa hiyo vyeti vinne vinafika MB 14, na mfumo unataka MB 2. Hapo hakuna muujiza wa kukamua PDF utakaokuachia maandishi yanayosomeka. Punguza picha kwanza.

Hatua zenyewe:

1. Piga picha mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa juu ya meza ya rangi nzito ili kingo zionekane. Zima flashi. Cheti kilichopigwa lamination kikipigwa flashi kinatoa doa jeupe, na mara nyingi doa hilo linaangukia jina au namba. Mwanga utoke ubavuni, na simu ilale sambamba na karatasi. Ukiipiga kwa kuinama, herufi za juu zinakuwa ndogo kuliko za chini.

2. Kata kingo kwenye galari yenyewe ya simu. Meza inayobaki pembeni nayo ni pikseli, na kitambaa chenye maua kinakula KB nyingi kuliko karatasi yenyewe.

3. Fungua squoosh.app kwenye kivinjari. Imetengenezwa na timu ya Chrome ya Google, ni ya bure, haitaki akaunti, na picha inashughulikiwa ndani ya kifaa chako. Weka picha, washa "Resize", andika upana 1240. Urefu unajirekebisha wenyewe. Halafu kwenye "Compress" chagua MozJPEG. Ubora unakuja ukiwa 75. Ushushe hadi 60 au 65, kisha sogeza ule mstari wa katikati ya picha: upande mmoja ni picha ya asili, wa pili ni iliyopunguzwa. Vuta karibu mahali penye maandishi madogo kuliko yote, kwa kawaida namba ya cheti na maneno ya ndani ya mhuri. Kama 3 na 8 bado zinatofautiana, umepata. Kama zinafanana, rudisha upana hadi 1654, ambayo ni DPI 200, na uache ubora uleule.

4. Ndipo utengeneze PDF.

Cheti cha kawaida kikipita hapo hushuka hadi KB 200 au 400, kutegemea maua na rangi za nyuma yake. Vinne vinakaa ndani ya MB 2.

Mwenye la kuongeza karibu, hasa hatua ya nne, maana ndipo watu wanapoharibu.

---

Karani_wa_Steshenari

Mkuu umeeleza vizuri. Niongeze hiyo ya nne kwa wenye Windows, haihitaji hata intaneti.

Zipe picha majina yanayoanza na 01, 02, 03. Usiandike 1, 2, 3. Zikifika kumi, programu nyingi zitapanga 1, 10, 2 na kurasa zinachanganyika. Zichague zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, "Print", kisha kwenye printa chagua "Microsoft Print to PDF". Karatasi iwe A4, na picha iwe ya ukurasa mzima.

Sasa angalieni chini ya dirisha hilo: kuna kisanduku kimeandikwa "Fit picture to frame", na kinakuja kikiwa na tiki. Ondoa tiki. Kikiachwa, Windows inaivuta picha ijaze karatasi na kukata kingo. Ndiyo sababu vyeti vingi vinavyotoka steshenari vimekatwa mhuri wa pembeni au sehemu ya namba, na mteja hagundui mpaka ombi lirudishwe.

---

Nasra_Tanga

Asanteni sana. Swali: mwenye simu tu, hana laptopu, anaunganishaje? Na je, tuskani kwa rangi au nyeusi na nyeupe?

---

Fundi_Pikseli

Dada Nasra, kwa iPhone ni rahisi. Hifadhi picha kwenye programu ya Files, zichague kwa mpangilio, fungua menyu ya vitendo zaidi na ubonyeze "Create PDF". Kwa Android, picha moja moja unaweza kuigeuza kwa "Print" halafu "Save as PDF", lakini kwa kurasa nyingi njia nyepesi ni skana iliyomo ndani ya programu ya Google Drive: bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kuskani, piga ukurasa wa kwanza, ongeza wa pili, na kuendelea. Inanyoosha kingo yenyewe na kutoa PDF moja. Fahamu tu kwamba faili linakwenda kukaa kwenye Drive yako, kwa hiyo ukimaliza lipakue, na kama hutaki libaki huko lifute, pamoja na kwenye pipa la taka la Drive.

Kuhusu rangi: nyeusi na nyeupe kabisa inatoa faili dogo kupita zote, kwa sababu kila pikseli ni ama nyeusi ama nyeupe. Barua iliyochapwa haina shida. Lakini cheti kilichothibitishwa na wakili usikifanye hivyo. Mhuri wa bluu uliofifia ama unatoweka ama unakuwa doa jeusi linalofunika maandishi, na saini ya kalamu nyembamba inakatikakatika. Cheti chenye mhuri kiskaniwe kwa rangi. Nakala isiyo na mhuri inatosha kwa kijivu.

---

Mlinzi_wa_Faili

Naomba nikazie hoja ya usalama, maana watu wanaipita haraka.

Zana za mtandaoni ziko za aina mbili. Kuna zinazofanya kazi ndani ya kivinjari chako, kama Squoosh, na kuna zinazolipeleka faili kwenye seva, zikalishughulikia huko na kukurudishia. iLovePDF, Smallpdf, TinyPNG na zana za mtandaoni za PDF24 ni za aina hiyo ya pili. Hizo ni huduma zinazojulikana, zinasema wazi kwamba zinafuta mafaili baada ya muda mfupi, na kwa tangazo la mkutano au ratiba ya shule hakuna tatizo lolote. Kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kwa nini ulipeleke faili hata kwa saa moja wakati si lazima? Mwenye Windows akitaka kazi zote za PDF, PDF24 wana programu ya bure ya kusakinisha, inaitwa PDF24 Creator, na hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta yako.

Sasa, utajuaje tovuti fulani ni ya aina gani? Usiamini maneno ya ukurasa wa mbele. Fanya hivi: fungua tovuti, isubiri imalize kupakia kabisa, kisha washa hali ya ndegeni kwenye simu au zima Wi-Fi. Ndipo uweke faili na kubonyeza kitufe. Ikifanya kazi mpaka mwisho, shughuli iko ndani ya kifaa chako. Ikigoma au ikizunguka tu, chukulia kwamba ilikuwa inataka kulituma. Tumia picha yoyote ya majaribio, usijaribie na cheti. Faida nyingine ni bando: faili la MB 14 likienda kwenye seva na kurudi likiwa na MB 2, umelipia MB 16.

Jingine ni vitufe vya uongo. Tovuti nyingi za kubadilisha mafaili zinaishi kwa matangazo, na tangazo huchorwa kama kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kubadilisha mafaili zinazopandikiza programu hasidi. Kanuni ni moja: uliomba PDF, upewe faili linaloishia .pdf. Ukiona .exe, .apk, .js au .zip ambayo hukuiomba, usilifungue, lifute. Na tovuti ikikutaka kwanza usakinishe kiongezi cha kivinjari ili upunguze picha, ondoka.

---

Kijana_wa_Mbeya

Mkuu Mlinzi, si unaweza kulipitisha faili VirusTotal likakaguliwe kwanza?

---

Mlinzi_wa_Faili

Faili ulilolipakua kutoka kwa mgeni, kama .exe au .apk, ndiyo, lipitishe. Lakini CV, mkataba au cheti usiweke humo hata siku moja. VirusTotal, ambayo Google iliinunua mwaka 2012, kazi yake ni kushirikisha sampuli: unachopakia kinakwenda kwa kampuni za kingavirusi, na wateja wake wanaolipia wanaweza kukipakua. Ndivyo ilivyoundwa, na ndiyo nguvu yake. Ukiwa na shaka na kiungo, bandika kiungo chenyewe. Ukiwa na shaka na waraka wa siri, tafuta kwa hashi yake ya SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili) bila kuupakia. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika Get-FileHash, acha nafasi, buruta faili humo, bonyeza Enter. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Huo ndio uubandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama hakuna aliyewahi kulipeleka faili hilo huko, utaambiwa halipo, na hiyo haina maana kwamba ni salama.

---

Mama_Ashura

Mimi nauliza kuhusu CV. Imeandikwa kwa Word, kurasa tatu, lakini PDF yake ina MB 5. Kila nikiipunguza kwenye tovuti inarudi na ukungu.

---

Fundi_Pikseli

Mama Ashura, PDF ya maandishi matupu ya kurasa tatu iliyotoka Word moja kwa moja huwa na KB mia moja au mbili hivi. Ikifika MB 5, kuna jambo moja kati ya mawili.

La kwanza: ilichapishwa kwenye karatasi, ikatiwa saini, kisha ikaskaniwa. Hapo si maandishi tena, ni picha tatu za maandishi. Dawa yake: piga picha saini peke yake kwenye karatasi nyeupe, ikate iwe ndogo, iingize ndani ya Word mahali pake, kisha "Save as" na uchague PDF. Maandishi yanabaki maandishi, yanasomeka hata ukiyavuta mara kumi, na mwajiri anaweza kutafuta neno ndani yake.

La pili: kuna picha ya pasipoti juu ya CV iliyoingizwa ikiwa nzima kutoka kwenye kamera. Word inaionyesha ndogo, lakini haitupi pikseli zote zilizozidi. Ipitishe Squoosh kwanza kwa upana wa pikseli 413, ndipo uiingize.

Na ule ukungu ni huu: JPEG kila inapokandamizwa upya inatupa taarifa, na haizirudishi. Ukipeleka faili lililokwisha kupunguzwa lipunguzwe tena, unapunguza makovu. Hifadhi picha za asili, na kila jaribio lianzie kwenye asili.

---

Saiba_Kisumu

Salamu kutoka huku Kenya. Mawili kutoka upande wa saiba.

Taarifa ya miamala ya M-Pesa inakuja ikiwa PDF iliyofungwa kwa nenosiri. Mteja anaipakia kwenye ombi la mkopo au viza, mfumo unaikataa, au unaikubali na afisa anashindwa kuifungua. Usiende kwenye tovuti ya kuondoa nenosiri, maana utakuwa umempa mgeni miamala yako yote. Ifungue kwa Chrome, weka nenosiri, bonyeza kuchapisha, na mahali pa printa chagua "Save as PDF". Nakala mpya inatoka bila kufuli, mradi mwenye waraka hakuzuia uchapishaji. Angalizo: waraka wenye saini ya kidijitali usiufanyie hivyo, wala usiupunguze au kuuunganisha na mwingine. Saini hiyo inathibitisha kwamba faili halijabadilishwa, na ukiligusa inavunjika. Upakie kama ulivyoupokea.

La pili, wenye saiba na steshenari: vyeti vya wateja visibaki kwenye desktop. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya kwao 2022. Lakini hata bila sheria, kile ni kitambulisho cha mama wa watu. Kazi ikiisha, futa faili, futa folda ya Downloads, futa pipa la taka, na mteja atoke kwenye barua pepe yake mbele yako. Mteja akikutumia vyeti kwa WhatsApp Web, hakikisha ametoka kwenye kifaa kabla hajaondoka.

---

Karani_wa_Steshenari

Kwa kuwa umeitaja WhatsApp: picha ya cheti ikitumwa kama picha, WhatsApp inaipunguza yenyewe, na maandishi madogo yanakufa. Atume kama "Document". Lakini ajue kwamba kwa njia hiyo taarifa za ndani ya picha zinabaki, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa imewashwa kurekodi mahali. Kuipitisha Squoosh kunaziondoa.

Pia, kuna wanaobadilisha jina kutoka cheti.jpg kuwa cheti.pdf na kudhani wamebadilisha faili. Mfumo haudanganyiki, unasoma mwanzo wa faili lenyewe. Ukitaka kuhakikisha, lifungue kwa Notepad. PDF ya kweli inaanza na alama %PDF- ikifuatiwa na namba ya toleo, kwa mfano 1.7. Mstari wa kwanza usipoanza hivyo, hiyo si PDF. Funga bila kuhifadhi.

---

Dada_Rehema

Naomba vipimo vya picha ya pasipoti, na ile ya bahati nasibu ya green card.

---

Fundi_Pikseli

Dada Rehema, picha ya milimita 35 kwa 45 kwa DPI 300 ni pikseli 413 kwa 531. Lakini soma kwanza maelekezo ya mfumo unaoomba, maana vipimo vinatofautiana.

Ya DV, yaani hiyo bahati nasibu ya green card ya Marekani, ni mraba, pikseli 600 kwa 600, JPEG ya rangi, isiyozidi KB 240. Kichwa kutoka kidevuni hadi utosini kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Miwani hairuhusiwi. Picha iwe imepigwa ndani ya miezi sita. Ya mwaka jana usiirudie.

Kosa linaloonekana sana: mtu ana picha ya wima, anaingia Squoosh, anaondoa tiki ya kulinda uwiano na kuandika 600 na 600. Uso unapanuka kama umekanyagwa. Kata kwanza iwe mraba kwenye galari, uwiano wa 1:1, ndipo uishushe hadi 600. Kwa ubora wa 80 huwa inakaa chini sana ya KB 240, kwa hiyo usiikamue zaidi.

Zana za kufuta mandhari na kulainisha ngozi usizitumie kwa picha hii. Wamarekani hawapokei picha iliyochezewa. Simama hatua moja mbele ya ukuta mweupe, mchana, uso ukielekea dirishani, na mtu mwingine akupige.

---

Mwalimu_Kahama

Wakuu, kuna njia ya bure ya kutoa maandishi kwenye skani? Barua za zamani, tunataka kuzihariri bila kuchapa upya.

---

Mlinzi_wa_Faili

Ipo, mwalimu. Pakia picha au PDF kwenye Google Drive, bonyeza kitufe cha kulia juu yake, "Open with", halafu "Google Docs". Inafunguka hati yenye maandishi yanayoharirika. Kufanya hivyo tumia kompyuta. Google wenyewe wanashauri faili lisizidi MB 2, na herufi ziwe na urefu wa angalau pikseli 10. Hapa usishuke hadi DPI 150, baki kwenye 300 na ukandamize ubora badala ya kupunguza pikseli. Picha iwe imesimama wima, isilale.

Majedwali yatavurugika, na safu mbili zinaweza kusomwa kama moja. Kwa Kiswahili kagua hasa alama ya ng', maana mara nyingi inageuka kuwa nukta au inapotea, na "ng'ombe" inakuwa "ngombe". Namba za fedha na tarehe zilinganishe na asili moja moja, kwa sababu sifuri na herufi O zinabadilishana bila kukuonya.

---

Nasra_Tanga

La mwisho jamani. Kuficha namba ya kitambulisho kabla ya kumtumia mtu nakala, inatosha kuchora mstatili mweusi juu yake?

---

Mlinzi_wa_Faili

Kwenye PDF yenye maandishi haitoshi. Mstatili unakaa juu, maandishi yanabaki chini yake, na mtu akiyachagua na kuyanakili anayapata yote. Chora mstatili, kisha geuza ukurasa kuwa picha, hata kwa kupiga picha ya kioo cha kifaa (screenshot), na utume hiyo picha. Na mstatili uwe mweusi mzito kabisa. Ile kalamu ya kuangazia ya kwenye simu ina uwazi kidogo, na mtu akiongeza mwanga wa picha namba inaonekana chini yake.